Fundi Mwenzangu, Shingo Yako Haijalala Vibaya

Juzi usiku fundi mmoja wa Arusha kanitumia ujumbe: "Dada, shingo imekaza leo siku ya tatu, kugeuka mpaka nigeuke mwili mzima, na nina sare za kamati ya harusi Jumamosi. Nifanyeje?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Huyo alikuwa mimi kabisa.

Mwaka juzi nilipokea magauni 12 ya harusi hapa kibandani kwangu Majengo, Moshi. Nani anakataa oda kama hiyo? Nikawa nashona mpaka saa saba usiku, pua inakaribia kugusa sindano. Kikaanza kichwa, upande wa kulia, juu ya jicho. Nikanunua miwani ya barabarani, elfu nane yangu ikaenda. Panadol nikawa natafuna kama karanga. Mama mdogo akasema nimelala vibaya. Jirani akasema nimetupiwa kitu, kwa kuwa wateja wananijaa. Siku ya nne, kuinua pasi ya mkaa ilikuwa machozi.

Bibi harusi akaja na mama yake, wakabeba vitambaa vyao mbele ya wateja wangu, magauni saba hayana mikono. Aliyoyasema yule mama siyaandiki, ila nayakumbuka yote. Mpaka leo tukikutana soko la Mbuyuni kila mtu anaangalia nyanya zake.

Ndipo nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo na misuli, kijana mdogo tu. Hakuuliza nimelalaje. Alisema, "Mama, hebu kaa kama unavyoshona." Nikainama. Akaniambia kichwa kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na kadiri ninavyokipeleka mbele ndivyo misuli ya nyuma inavyozidi kukivuta kisidondoke, saa zote hizo bila kupumzika. Msuli wa juu unaitwa trapeziasi, mpana, umeanzia kisogoni, ukatandaa mabegani na kushuka mpaka katikati ya mgongo. Chini yake kuna leveta skapula, umetoka pingili nne za juu za shingo na kushikilia pembe ya juu ya mfupa wa bega. Huo mara nyingi ndio unaokaza ukashindwa kugeuka. Chini kabisa ya kisogo kuna vimisuli vidogo vidogo. Alipobonyeza kati ya shingo na bega kwa dole gumba, maumivu yakapanda mpaka juu ya jicho langu, palepale. Nikaikumbuka ile elfu nane.

Nikamuuliza, mbona mama yangu alishusha mikungu ya ndizi kutoka Kibosho kichwani, hakulalamika? Akasema mkungu unakaa juu ya uti wa mgongo, wima. Mimi changu kinaning'inia. (Mama naye nilipomsimulia akasema alikuwa analalamika sana, ni sisi hatukumsikiliza.)

Sasa nifanyavyo. Meza ya kukatia nimeiinua kwa tofali mpaka usawa wa kiuno. Stuli nimeikata miguu inchi mbili. Usizidishe, mabega yatapanda na utarudi kulekule. Bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini ya mashine, ikiisha nainuka, nageuza shingo taratibu kulia na kushoto. Usiku nakanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Na bobini ikiisha, inuka! Narudia kwa sababu nawajua: mnataka mashine kumi na kibao kikubwa barabarani, nami nataka, lakini hamtaki kuinuka dakika mbili. Januari nimetoa sare za shule 40 bila kidonge hata kimoja.

Ila vidole vikifa ganzi, mkono ukilegea, shingo ikikaza pamoja na homa, au ulianguka na bodaboda, acha kukanda, nenda hospitali.

Yule dada nimemjibu: sehemu ya kazi mpe fundi mwingine, umlipe, na Jumamosi utafika. Tiki mbili za bluu zimeonekana, jibu hakuna. Najua ameinama anashona.