Kuanza uamuzi wa besiboli kwa gharama ndogo

Ndugu yangu, umeuliza namna ya kuanza uamuzi wa besiboli hapa Tanga ukiwa na fedha kidogo. Ushauri wangu ni uanzie kwenye besi, yaani vituo anavyopitia mkimbiaji, kwa kuwa mwamuzi wa huko hahitaji zaidi ya kofia, shati la rangi moja na viatu imara, navyo utavipata mitumbani ukidamka kabla robota halijachambuliwa. Mwamuzi anayesimama nyuma ya mdakaji, yule mchezaji anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, ndiye mwenye gharama: barakoa ya chuma, kinga ya kifua, ya miguu na ya kinena, kwani mpira wa gramu 142 hadi 149 ukigusa gongo la mpigaji kidogo tu hubadili njia ghafla. Barakoa iliyopinda nondo usiichukue hata ukipewa bure. Kinga za miguu za kriketi zitakusitiri kwa muda, ingawa vidole hubaki wazi. Hesabu ya straiki, yaani mipira halali ambayo mpigaji ameikosa au kuiacha, mimi niliishika msimu mzima kwa kokoto mfukoni, na brashi ya kufagilia kisahani, yaani besi ya nyumbani anaposimama mpigaji, ilikuwa ya mpaka rangi. Jizoeze pia kuvua barakoa kwa mkono wa kushoto, ili wa kulia ubaki huru kutoa ishara.