Swali: Naona watoto wanakufa kwenye simu alafu nacheka na wanangu, je nimekuwa mnafiki?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto wawili. Kila nikishika simu ni vita, njaa, watoto wanatolewa kwenye kifusi. Mwanzo nilikuwa nalia hadi chakula hakipiti, siku hizi naona vidio kama hizo napitisha kidole tu naendelea, alafu dakika mbili baadae nacheka na wanangu. Nimeomba dua zaidi ya mwaka sioni kinachobadilika. Kuna ndugu yangu kaniambia dunia imekwisha, watu wote wameoza, tusubiri Kiyama tu, na mimi nimeanza kuona kama ana haki. Je, nimekuwa mnafiki? Kukata tamaa huku ni dhambi? Na wengine wanasema tuwaombee Waislamu peke yao, ni kweli?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh dada yangu. Swali lako nimelisoma usiku nikalirudia tena baada ya Alfajiri, na nataka nianze na hilo neno mnafiki maana naona ndo lililokukaa kifuani kuliko yote.

Kuna sahaba anaitwa Hanzala, alikuwa katika waandishi wa Mtume (s.a.w.). Siku moja akakutana na Abubakar (r.a.) akaulizwa vipi hali yako, akasema "Hanzala amekuwa mnafiki". Abubakar akashtuka, subhanallah, unasema nini wewe? Akamwambia sisi tukiwa kwa Mtume anatukumbusha pepo na moto mpaka tunakuwa kama tunaviona kwa macho, tukitoka pale tukashika wake zetu na watoto wetu na shughuli zetu tunasahau mengi. Abubakar hakumkemea, alisema wallahi hata sisi yanatukuta hayo hayo, wakaenda wote wawili mpaka kwa Mtume. Na Mtume (s.a.w.) akasema lau mngedumu katika hali mnayokuwa nayo kwangu basi malaika wangewapa mikono vitandani mwenu na njiani mwenu, lakini ewe Hanzala, saa hii na saa hii. Akairudia mara tatu. Hadithi iko katika kitabu cha Imam Muslim.

Yani Abubakar, mtu mwenye imani ile, alisema na mimi pia. Na Hasan al-Basri, mwanachuoni mkubwa wa tabiina, yani kizazi kilichofuata masahaba, alisema kuhusu unafiki kwamba hauogopi ila muumini na hajioni salama nao ila mnafiki. Kwa iyo hofu yako yenyewe ni dalili nzuri, mnafiki hakeshi anaandika swali kama hili.

Na kwa kucheka na wanao usiombe msamaha kabisa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akisalisha watu huku amembeba mjukuu wake Umama binti wa Zaynab, akisujudu anamuweka chini, akisimama anambeba tena, Bukhari na Muslim wote wameipokea. Huyu ni mtu aliyezika watoto wake, aliyeishi miaka ya vita na vitisho, na bado mtoto alikuwa na nafasi begani kwake ndani ya sala. Mtoto wako ana haki ya uso wako wenye furaha, haki hiyo vita haikuifuta.

Sasa tuje kwenye huo ugumu wa moyo, hapa nataka tukae kidogo.

Unasema ulikuwa unalia sasa hulii. Mimi sidhani moyo wako umekufa, naona umechoka, na vitu hivi viwili vinafanana kwa nje tu. Umeuonyesha misiba kumi kabla ya chai ya asubuhi, na katika yote kumi hakuna hata mmoja ambao mkono wako uliweza kufika, moyo ukiamshwa kila saa na mkono hauna la kufanya mwisho unajifunga ili usipasuke. Mwenyezi Mungu mwenyewe alimwambia Mtume wake katika Suratu Shuaraa aya ya 3, huenda ukajiangamiza nafsi yako kwa huzuni kwa kuwa hawawi waumini. Ni maneno ya kumhurumia, yani hata huruma ya Mtume ilikuwa na hatari ya kummaliza na Mola wake akamzuia kwa upole.

Dawa yake ipo. Mtu mmoja alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akashtakia ugumu wa moyo wake, sawasawa na wewe leo. Akamwambia ukitaka moyo wako ulainike basi mlishe maskini na upanguse kichwa cha yatima. Ameipokea Imam Ahmad kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Angalia alivyomwambia, hakumwambia kaa ulie, wala hakumwambia kasikilize habari za kuhuzunisha zaidi mpaka machozi yatoke, alimpeleka kwenye kichwa cha mtoto. Kichwa kimoja, nywele za kweli chini ya kiganja, joto lake unalisikia, na yeye anainua macho anakuangalia. Mkono ukitangulia moyo unafuata nyuma. Sisi siku hizi tumegeuza, tunataka moyo uhisi kwanza ndo mkono utoke, na kama moyo hauhisi tunakaa tunajilaumu, na kujilaumu hakumshibishi mtu.

Kwa iyo wiki hii simu iache kabisa baada ya Isha na usiishike kabla hujasali Alfajiri, alafu mtafute mtu mmoja tu anayefikika, yatima, mjane, mgonjwa asiyetembelewa, mtu aliyekimbia kwao hana anayemjua, na uende kwa miguu yako, kutuma hela peke yake ni kheri lakini hakutakupa hicho unachokitafuta. Na habari zisizo na uhakika usizisambaze hata zikikuuma vipi, ile aya ya 6 ya Suratul Hujurat ya kuhakikisha habari haikuweka ubaguzi kwa habari za kusikitisha.

Umeuliza kukata tamaa ni dhambi. Ndio, kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu ni katika madhambi makubwa, lakini subiri usije ukajihukumu kabla hujajua kukata tamaa ni kitu gani. Huzuni sio kukata tamaa. Fungua Suratu Yusuf uangalie mzee Yaakub (a.s.), aya ya 84 macho yake yamekuwa meupe kwa huzuni, amelia mpaka hayaoni. Aya ya 86 anasema mimi namshtakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu na huzuni yangu. Aya inayofuata, huyo huyo mwenye macho meupe, anawaambia wanawe nendeni mkamtafute Yusuf na nduguye wala msikate tamaa na faraja ya Mwenyezi Mungu. Yote yako kwa mzee mmoja na kwa wakati mmoja. Na hakusema kaeni mtumaini, alisema nendeni mkatafute. Basi ukitaka kujua kama umekata tamaa usipime machozi, jiulize bado natafuta? Bado nanyanyua mikono? Bado nampelekea jirani? Kama ndio, wewe uko na Yaakub.

Na wale masahaba wa vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Madina imezingirwa, baridi na njaa, Mwenyezi Mungu anawaeleza katika Suratul Ahzab aya ya 10 kwamba macho yalikodoka na nyoyo zikapanda kooni na mkawa mnamdhania Mwenyezi Mungu dhana mbalimbali. Masahaba hao! Fikra zilipita vichwani mwao na hawakufukuzwa kwenye dini. Wazo linalopita usiku sio itikadi, lisikutishe.

Sasa huyo ndugu yako anayesema watu wameoza wote. Mwambie kwa upole, maana pengine na yeye ameumia. Kuna hadithi kwa Muslim, Mtume (s.a.w.) amesema mtu akisema watu wameangamia basi yeye ndo aliyeangamia zaidi yao. Na lile neno limesomwa kwa njia mbili, moja ni hiyo, ya pili inakuwa yeye ndo aliyewaangamiza, yani kwa kuwavunja moyo. Imam Malik akafafanua, mtu akiyasema hayo kwa kuwasikitikia watu kwa hali anayoiona katika dini yao hakuna ubaya, ubaya ni akiyasema kwa kujiona yeye bora na kuwadharau wenzake. Na mimi naongeza jambo nililoliona miaka yote niliyokaa kujibu maswali, anayesema watu wote wameoza mara nyingi anatafuta ruhusa ya kukaa, maana kama wameoza wote hakuna wa kumsaidia. Na Kiyama unachoambiwa ukisubiri, Mtume (s.a.w.) ametuambia kikisimama na mkononi mwa mmoja wenu kuna mche wa mtende basi kama anaweza kuupanda kabla hakijasimama aupande. Mtende ni miaka hadi uzae!

Alafu kumbuka Taif, mji ulio karibu na Makka. Bibi Aisha (r.a.) alimuuliza Mtume kama ilimpitia siku nzito kuliko ya vita vya Uhud, na Uhud alijeruhiwa usoni na ami yake Hamza akauawa. Akamtajia siku alipokwenda kujieleza kwa wakubwa wa Taif wakamkataa. Ilikuwa kama mwaka 619, mwaka ambao bibi Khadija na ami yake Abu Talib wote wawili wameshaondoka. Anasema niliondoka nina huzuni usoni, sikuzinduka ila nimefika mahali panapoitwa Qarn Tha'alib. Elewa hapo dada, ametembea njia hata hajui anatembea, hali hiyo naamini unaijua. Ndipo anainua kichwa anaona wingu limemfunika, ndani yake Jibril, na malaika wa milima anamsalimia anamwambia ukitaka nitawabana kwa milima hii miwili. Akasema bali nataraji Mwenyezi Mungu atatoa katika migongo yao wenye kumuabudu Yeye peke yake bila kumshirikisha na chochote.

Nataraji. Neno hili limetoka kwenye mdomo wa mtu ambaye hakuna hata habari moja njema mbele yake siku hiyo, hakulitoa kwenye habari, alilitoa kwa Mola anayemjua. Na watu wa Taif wakaja kusilimu mwaka wa 9 Hijria, kama miaka 11 baadae. Wewe una mwaka na kitu, na sikudharau mwaka wako, mwaka wa dua ni mzito sana. Lakini usiseme haikujibiwa. Mtume (s.a.w.) amesema mja hujibiwa maadamu hana pupa, akasema nimeomba sikujibiwa. Na katika hadithi ya sahaba Abu Said ni kwamba muumini akiomba jambo lisilo dhambi wala kukata udugu anapewa moja kati ya matatu, ama anaharakishiwa, ama anawekewa akhera, ama anaondolewa shari mfano wake. Masahaba wakasema basi tutazidisha kuomba, akasema Mwenyezi Mungu ana zaidi.

Nikuonyeshe namna ya kuomba iliyonisaidia mimi. Mtume (s.a.w.) alipokuwa Madina na wanyonge wamefungwa Makka alikuwa akinyanyuka kutoka kwenye rukuu anasema ewe Mola muokoe Walid bin Walid, muokoe Salama bin Hisham, muokoe Ayyash bin Abi Rabia, waokoe waumini wanyonge. Anawataja majina! Watatu kwa majina kwanza, ndo wengine wote baadae. Nilimjua mama mmoja mtu mzima aliyekuwa na daftari dogo, limelegea uzi, anaandika kwa penseli, kila akisikia mtu amepatwa na jambo anamuandika jina, na baada ya Alfajiri anasoma majina matano kwa sauti ya chini, kesho yake matano mengine. Mtu akifa hamfuti, anamuandikia pembeni "rahimahullah", Mungu amrehemu, na zamu yake ikifika anamsoma kama kawaida. Mwanawe mwenyewe alikuwemo humo, ukurasa wa kwanza. Mama yule habari za dunia alizijua kuliko mimi, lakini sikumuona hata siku moja amekauka.

La mwisho, kuwaombea Waislamu peke yao. Ndugu zako katika imani wana haki maalumu na kuwatanguliza si kosa. Lakini huruma haina mpaka huo, Mtume (s.a.w.) amesema warehemuni walioko ardhini atakurehemuni aliyeko mbinguni, hakuchagua. Ilipita jeneza akasimama, akaambiwa ni la Myahudi, akasema kwani si nafsi? Kwa iyo mtoto aliye chini ya kifusi usimuulize dini yake, muombee atoke salama na aliyemuangushia nyumba muombee azuiliwe mkono wake, na kumzuia dhalimu pia ni kumsaidia kama Mtume alivyotufundisha.

Tafuta daftari leo dada. Ukishaandika jina la kwanza niandikie na mimi, hilo jina tu inatosha, nitalitaja Alfajiri inshallah.

Wallahu a'lam.