Je, nilipie masomo ya “Mbinu ya Boulanger”?

Swali: Naongoza kwaya, na kinanda napiga kwa kusikia tu. Kuna mtu anauza masomo ya wiki nne ya “Mbinu ya Boulanger”, yaani ya Nadia Boulanger, mwalimu wa muziki wa Ufaransa. Muuzaji anasema ndiyo iliyowatoa Quincy Jones, mwanamuziki wa jazz wa Marekani, na Astor Piazzolla, mtunzi wa tango wa Argentina, tena nadharia si lazima, maana mama huyo alimwambia Piazzolla aachane na vitabu apige tango yake. Nilipe?

Jibu: Usitoe hata senti. Hadithi hiyo ya Piazzolla naletewa kila mara, na kila mara imekatwa mkia. Ni kweli alifika Paris mwaka 1954 na mzigo wa kazi za okestra, na Nadia Boulanger alipozipitia aliona ustadi, mwenye kazi hakumwona. Akambana mpaka akapiga tango yake kwenye piano, ndipo akamwambia Piazzolla halisi ni huyo. Wauzaji huishia hapo. Hawasemi kwamba alimfanyisha kontrapointi ya sauti nne (kusuka sauti nne, kila moja na mwendo wake), wala kwamba mwanafunzi huyo alikuwa ameshasoma utunzi kwa mtunzi Alberto Ginastera kule Argentina. Vitabu ambavyo hujavifungua utaachana navyo vipi?

Quincy Jones naye, alipokwenda kwake mwaka 1957, alikuwa ameshapiga tarumbeta kwenye bendi ya jazz ya Lionel Hampton na kuzunguka na ile ya Dizzy Gillespie. Mtunzi Mmarekani Philip Glass alifika na shahada ya Juilliard, chuo cha muziki cha New York, akarudishwa kwenye kontrapointi ya mwanzo kabisa.

Siri hakuna. Alichodai Boulanger ni kazi ya kuchosha: solfa, kusoma funguo zote (alama za mwanzo wa mistari ya noti), kujazia sauti juu ya besi yenye tarakimu, yaani besi iliyoandikwa namba zinazoonyesha sauti za juu yake. Jaribu mwenyewe. Chukua wimbo wa ibada wa Bach wenye sauti nne. Imba sauti ya tena (ya juu ya wanaume), mikono ipige soprano, alto na besi. Halafu imba alto, piga zilizobaki. Ukiweza, hamisha doh kwenye noti nyingine uanze upya. Ukipotea kwenye sauti ya tena, ujue sauti hiyo ulikuwa huisikii. Soprano na besi ndizo zilizokuwa zikikubeba. Sasa Jumapili utawarekebishaje waimbaji wako wa tena? Kupunga mikono ni jambo dogo. Boulanger mwenyewe aliposimama kuongoza okestra London mwaka 1937 na Boston mwaka 1938, wakati mwanamke kwenye nafasi ile alikuwa kioja, alikuwa na kila sauti kichwani.

Kinachoniudhi zaidi ni biashara ya jina. Alifundisha tangu ujana wake, akafariki mwaka 1979 akiwa na miaka 92. Tangu 1921 Wamarekani walikuwa wakimfuata wakati wa kiangazi kwenye shule ya muziki ya Fontainebleau, karibu na Paris, na wengine hawakukaa zaidi ya msimu mmoja. Kwa hiyo kusema “nimefundishwa na mwanafunzi wa Boulanger” hakuthibitishi chochote. Leo yuko muuzaji wa sikio kamili (kutambua noti bila kupewa ya kuanzia) kwa programu ya simu, yuko wa utunzi kwa siku saba, yuko wa cheti cha uongozaji unachopakua ukishalipa. Wote wanauza njia ya kukwepa kazi ileile ambayo mama huyo hakumsamehe mtu.

Huyo wako mwekee ule wimbo wa Bach kwenye kinanda, aimbe sauti ya tena huku akipiga zile tatu zilizobaki. Akianza kutoa maelezo badala ya kuimba, funga pochi.