Kidani chako na hirizi ya Bibi

Mwanangu,

Umeniuliza kama runi, hizo herufi za kale za huko uliko, zilikuwa uganga kweli au maandishi tu, kwa kuwa wenzako wa Bergen, hapo Norway, wamekuzawadia kidani chenye runi moja. Wenyeji wa kale walisimulia kwamba Odin, mungu wao, alijitundika mtini usiku tisa, kachomwa mkuki, ndipo akazipata. Wasomi wengi wanasema zilitokana na herufi za Italia. Chagua. Lakini hapo hapo Bergen, baada ya moto wa 1955, yalifukuliwa mamia ya maandishi ya runi, na moja lasema tu: Gyda anasema urudi nyumbani. Huyo ni mama yako mtupu, alivyokuwa akikutuma uje kunitoa kwenye bao.

Kinachonikaa mimi ni kisa cha Egil, mshairi wa Iceland. Alimkuta binti yu hoi, na kitandani mwake mfupa wa nyangumi uliochongwa runi. Kijana mmoja alimtaka, akachonga bila kujua, badala ya mapenzi akamletea maradhi. Egil akazisoma, akazikwangua, mfupa akautia motoni. Akasema ninalosema mimi siku zote: asiyejua kusoma asiandike.

Ile hirizi yako ya degedege unaijua. Usichojua ni kwamba niliifumua kwa wembe, mbele ya wageni. Ndani mlikuwa na kipande cha daftari, kwa herufi za Kiarabu: unga pishi mbili, nazi nne, mafuta ya taa. Nikaisoma kwa sauti, nikacheka. Bibi yako, ambaye hakujua kusoma, alinyoosha mkono, akaikunja karatasi ile, akaifunga kwenye pindo la kanga. Hakusema neno, siku ile wala baadaye.

Nilikuwa na haki. Yule mganga aliyeiandika alimla mama yangu kuku na shilingi zake bure. Bure? Wewe homa ilikuwa imeshakutoka siku ya pili yake. Ingetoka tu, najua. Lakini Egil alipokwishakwangua alichonga nyingine, akaziweka chini ya mto wa mgonjwa. Hapo ndipo aliponishinda.

Sasa kidani. Uvae, usivae, sisemi. Ingawa ningekuwa mimi... haya, sisemi. Muulize kwanza aliyekupa kama anaweza kuisoma.

Mama yako anakusalimu, na anauliza soksi za sufu zilifika.

Baba yako