Wamekula Dozi Moja, Mbona Wengine Wamekufa?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa teknolojia ya maabara, niko kwenye mafunzo ya vitendo katika nyumba ya wanyama ya chuo kimoja hapa Nairobi. Tuliwapa panya wa nasaba mbili bakteria wa Citrobacter rodentium, dozi ile ile, siku ile ile. Weusi, yaani C57BL/6, walikonda kidogo kisha wakapona. Wale wa C3H, wenye manyoya ya kahawia, walihara hadi maranda ya vizimba yakalowa, na kufikia wiki ya pili karibu wote walikuwa wamekufa. Msimamizi alinijibu, “Ni jeni,” akaenda zake. Ni jeni gani hiyo, na inauaje?
Msomaji, Kahawa West

JIBU: Msimamizi wako alisema kweli, ila alikukatia habari njiani. Bakteria hawa hujibandika kwenye ukuta wa utumbo mpana wa panya kwa mbinu ile ile inayotumiwa na aina fulani za E. coli zinazowaharisha watoto wachanga, na hiyo ndiyo sababu watafiti wanawafuatilia kwa makini.

Ni rahisi kudhani kwamba panya aliyekufa alizidiwa na wingi wa bakteria. Wingi huo peke yake hauelezi tofauti uliyoiona. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walionyesha kwamba kiini chake ni jeni ya Rspo2, iliyoko kwenye kromosomu ya 15. Katika panya dhaifu, kama hao C3H wako, maambukizi huiamsha jeni hiyo kupita kiasi, nayo hutoa protini inayozipa nguvu ishara za Wnt, ambazo kwa kawaida huzihimiza seli za utumbo zigawanyike. Basi seli hugawanyika kwa pupa, zinapanda ukutani kabla ya kukomaa, na seli changa hazijui kufyonza chumvi wala maji. Ukuta unanenepa, lakini kazi haifanyiki. Panya hufa kwa kukaukiwa, si kwa kuliwa na vijidudu. Ndiyo maana watafiti walipowaongezea maji panya wa nasaba dhaifu, waliokoka.

Usiharakishe, hata hivyo, kuwaita hao weusi mashujaa. Wape bakteria wengine, Salmonella Typhimurium, uone: watakufa upesi, kwa kuwa wana kasoro katika jeni nyingine, Nramp1, ya kromosomu ya 1, ambapo asidi amino moja tu, yaani kijenzi cha 169 cha protini yake, imebadilika. Jeni inayomlinda panya na ugonjwa huu haina habari na ule. (Nimewahi kusikia wahadhiri wakisema “panya sugu” bila kutaja sugu dhidi ya ugonjwa gani; kwangu hiyo ni sentensi isiyokamilika.)

Jambo jingine linalosahaulika ni bakteria wa kawaida wa tumboni. Panya dhaifu waliopandikizwa bakteria wa tumboni kutoka kwa panya sugu walistahimili maambukizi vizuri zaidi, kwa hiyo nasaba mbili zilizolelewa mbalimbali hazitofautiani kwa jeni pekee. Kama msimamizi atakuruhusu kurudia jaribio, changanya maranda ya vizimba vyote viwili kwa wiki kadhaa kabla ya kuwapa dozi, ili bakteria wao wa tumboni wakaribiane, wapime uzito kila asubuhi, na utenge kikundi kimoja cha C3H cha kuongezewa maji.