Mshale wa msuguano uchore mwisho

Wadogo zangu mnaoingia kidato cha tano mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), nawaandikia kutoka Moshi, ninakofundisha twisheni ya fizikia. Kwenye maswali ya msawazo wenye msuguano, yaani kitu kimetulia kwa kuwa kani zote zimelingana, maksi hupotea kwenye mchoro, mtu hata hajagusa kikokotoo. Nikishika daftari la mgeni, naangalia kwanza mshale wa msuguano: umechorwa wa ngapi, na unaelekea wapi.

Twende soko la Mbuyuni. Ubao umeegemezwa kwenye bodi la Fuso, na katikati ya ubao kuna tenga la nyanya la kilo 50, limetulia. Ubao umeinuka nyuzi 20, na kizigeu cha msuguano tuli, yaani μ, namba inayoonyesha nyuso mbili zinavyoshikana kabla ya kuteleza, tuseme ni 0.5. Chora tenga peke yake. Fuso iache, ubao uache, maana unachotafuta ni kani zinazolifikia tenga tu. Anza na uzito: 50 × 9.8, nyutoni 490, mshale unashuka wima. Wengi huuinamisha ufuate ubao. Dunia haijui kama kuna ubao hapo. Kisha normali, yaani msukumo wa ubao kwa tenga, uliosimama pembe mraba na ubao. Halafu weka penseli chini ujiulize: msuguano ukitoweka sasa hivi, tenga litaelekea wapi? Litateleza kushuka. Basi msuguano unaelekea juu, kuufuata ubao, na sasa ndipo uuchore.

Ukubwa wake je? Hapa mkono wa mgeni huandika f = μN, yaani msuguano ni kizigeu mara normali, bila kumsubiri mwenyewe. Normali ni 490 cos 20°, kama nyutoni 460, kwa hiyo anapata 230. Lakini sehemu ya uzito inayolivuta tenga kushuka ni 490 sin 20°, yaani 168 tu. Ukiandika 230, zimebaki nyutoni 62 za kulipandisha tenga, na nyanya zitajipakia zenyewe kwenye gari huku wapagazi wakikunja mikono. Msuguano tuli hutoa kile kinachohitajika basi, na μN ni kikomo chake. Kwa tenga hili lililotulia, jibu ni 168. Ile 230 kazi yake ni moja: kukuhakikishia kwamba 168 haijavuka mpaka.

Sasa mpagazi aanze kulisukuma kwenda juu, sambamba na ubao. Akisukuma kwa nyutoni 100, msuguano bado unaelekea juu lakini umepungua hadi 68. Akifika 168, msuguano ni sifuri kabisa, japo ubao ni uleule wenye kukwaruza. Akisukuma kwa 300, mshale umegeuka: unashuka, nyutoni 132. Tenga halitajongea mpaka apite 398, yaani 168 na 230 kwa pamoja. Fanyeni zoezi hili kwa mkono wenu, mchoro mpya kila hatua. Mkilielewa hili, nusu ya sura imeisha.

Mwelekeo usipojulikana, chagua mmoja, andika milinganyo, na alama ya kutoa itakwambia kama ulichagua kinyume. Ila njia hiyo inafaa tu msuguano unapobaki herufi f isiyojulikana. Ukishaweka μN mahali pa f, lazima uwe umejua unakoelekea, la sivyo unapata jibu safi lisilo la swali hilo.

Mambo madogo ya mkono: mwinamo uchore wa nyuzi 20 au 25, usichore 45, maana kwenye 45 sini na kosini zinafanana na hutagundua umezibadilisha. Ukiugawa uzito vipande viwili, vichore kwa nukta nukta, usije ukauhesabu uzito mara mbili. Na anayetaka kujua kama tenga likisimamishwa kwa upande mwembamba msuguano unabadilika: Guillaume Amontons, Mfaransa, alishaeleza mwaka 1699 kwamba hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana. Kinachobadilika ni wepesi wa kupinduka.

Ngazi ndiyo inayowatesa zaidi. Chukua ngazi ya kilo 20 iliyosambaa uzito sawasawa, imeegemea ukuta wa vigae laini kwa nyuzi 60 kutoka sakafuni. Ukuta hauna msuguano, kwa hiyo unatoa mshale mmoja tu, wa mlalo. Sakafu inatoa miwili: normali kwenda juu, na msuguano kuelekea ukutani, kwa kuwa mguu wa ngazi unataka kukimbia ukuta. Chukua momenti, yaani uwezo wa kila kani kuizungusha ngazi, kwenye mguu. Kani mbili za sakafu zinajitoa zenyewe, kwa kuwa zinapita hapohapo mguuni. Utapata ukuta unasukuma nyutoni 57, na msuguano ni hizohizo 57 dhidi ya normali ya 196. Kizigeu cha 0.29 kinatosha.

Sasa apande fundi rangi wa kilo 60. Wapo wanaodhani uzito wake unaikandamiza ngazi na kuituliza. Akiwa kileleni, normali ya sakafu ni 784, lakini msuguano unaohitajika umefika 396, na kizigeu kinachotakiwa ni 0.51. Kama sakafu ina 0.4, ngazi ilisimama vizuri alipoanza kupanda, na itaondoka akipita robo tatu ya safari.

Swali likisema ukuta nao una msuguano, ongeza mshale wa nne wa mguso, unaopanda ukuta. Hapo una kani nne usizozijua na milinganyo mitatu tu, hivyo usianze kukokotoa mpaka umeona swali linasema ngazi inakaribia kuteleza. Ikikaribia, miguso yote miwili iko kwenye kikomo, na μN unaruhusiwa kuiandika kotekote.