Kabla ya mche mpya, tazama kisiki: majibu kwa wasomaji wa Dodoma

Maswali ya safari hii yametoka Chamwino, Dodoma mjini, Kondoa na Bahi. Naanza na la mwalimu, maana shule nyingi zina kilio hicho hicho.

Kila msimu wa mvua tunapanda miche shuleni, ikifika Agosti imekauka yote. Watoto wamekata tamaa. Tupande mti gani unaovumilia ukame? (Mwalimu, Chamwino)

Pole sana, mwalimu. Kabla hamjaagiza miche mingine, wachukue watoto mzunguke eneo la shule mkitazama chini. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mche wa kitaluni wenye mizizi ya shubiri moja unaachiwa jua la miezi saba. Kisiki cha mgunga au mkole kilichokatwa zamani kina mizizi iliyokwishafika kwenye unyevu.

Kichunguzeni kwa karibu. Mtakuta vichipukizi kumi au zaidi vinagombania mzizi mmoja, vyote vyembamba, ncha zimeliwa na mbuzi. Ndiyo maana kinabaki kichaka miaka nenda rudi. Chagueni vitatu hadi vitano vilivyonyooka na vyenye afya, vingine mvikate karibu kabisa na kisiki. Panga liwe kali, na mkate kuelekea juu ili gome lisichanike. Kwenye vile mlivyobakiza, pogoeni matawi ya nusu ya chini, ya juu myaache. Kisha fungeni kitambaa cha rangi, mchungaji akipita ajue kwamba kina mwenyewe. Mrudie kupogoa kila vichipukizi vipya vinapojitokeza. Fito mnazopunguza ni kuni za jiko la shule.

Njia hii inaitwa Kisiki Hai. Shirika la LEAD Foundation limekuwa likiieneza katika vijiji vya Dodoma, na nchini Niger wakulima wamerudisha miti kwa njia hiyo kwenye hekta zipatazo milioni 5, sehemu kubwa ikiwa ni mashamba yao wenyewe. Naiamini kuliko kampeni nyingi za kugawa miche. Lakini bila kuelewana na wafugaji wa kijiji haifiki popote, kwa hiyo mwenyekiti na wachungaji wawepo tangu siku ya kwanza. Miche pandeni michache tu, ya kivuli karibu na madarasa, ile ambayo mna hakika ya kuimwagilia.

Nimesikia kwamba mvua za El Niño, zinazotuharibia nyumba, ndizo zinazotupa maji ya kunywa. Inawezekanaje? (Mama wa Nkuhungu)

Ni kweli, mama. Sehemu kubwa ya maji ya mji wetu hutoka kwenye visima virefu vya Makutupora, na kina cha maji ya ardhini huko kimepimwa tangu miaka ya 1950. Kumbukumbu za miaka 55 zilipochambuliwa, ilionekana kwamba miaka mingi maji yanashuka tu. Yanapanda ghafla katika misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, na msimu wa El Niño wa 1997/98 uliyapandisha mno. Mvua ya kawaida inaishia kwenye udongo wa juu, inanywewa na mimea na jua. Mvua kubwa hujaza mito ya msimu, na maji yanapenya chini kupitia mchanga wa mito hiyo.

Sasa tazama tunavyoitendea mito hiyo hiyo. Jiji lilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012. Sensa ya 2022 ikakuta 765,179. Tunachota mchanga, tunajenga bondeni, tunasakafia hadi ukingoni. Tunaumia mara mbili: mafuriko yanaingia ndani, na maji ambayo yangetuvusha miaka ya kiangazi yanapotea. Kiwanja cha bondeni msikinunue hata kikiwa cha bei ya chini.

Babu anasema mwaka 1979 mifugo yote ilitolewa huku kwetu. Ni ng'ombe kweli walioleta makorongo? (Kijana wa Kondoa)

Babu anakumbuka sawasawa, mpe shikamoo yangu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi na miti ilirudi kwa kasi.

Ila ng'ombe hawakufanya peke yao. Vichaka vilifyekwa wakati wa ukoloni ili kufukuza mbung'o, mashamba yakapanda vilimani, na mmomonyoko wenyewe ulikuwapo hata kabla ya wakoloni. Walioumia zaidi ni familia zilizokosa maziwa na samadi kwa amri ya siku moja, na mifugo iliyohamishwa ilikwenda kulemea ardhi ya wengine. Baadaye ng'ombe wa kufugwa zizini waliruhusiwa. Nadhani ingefaa kuanza na hilo.

Kwelea kwelea wanamaliza uwele. Ndege ya kunyunyiza sumu ikichelewa tufanyeje? (Mkulima, Bahi)

Ndugu yangu, kwelea mmoja hula nafaka gramu 10 hivi kwa siku, na wanakuja kwa maelfu kwa maelfu, kwa hiyo naelewa hasira yako. Mara mnapoona wanapolala, kwenye vichaka vya miiba au matete, mwambieni afisa ugani wa kata, msingoje uwele ukomae. Sumu inayotumika, fenthioni, inaua pia bundi na mwewe wanaookota mizoga. Msile kabisa ndege waliopatikana eneo lililonyunyizwa, wala msiwape mbwa. Kondoa watu huwatega kwelea kwa wingi, wakawala na kuwauza. Pale ambapo hapajapigwa sumu, hiyo naipenda zaidi.

Nina mbuyu katikati ya kiwanja. Fundi anataka tuukate. (Ihumwa)

Msiukate. Hautoi mbao wala mkaa wa maana, na mnaopanda leo hautazaa ubuyu kwa miaka mingi sana. Popo wanaouchavusha usiku wanautegemea. Mwambie fundi achore upya ramani, nyumba isogee pembeni mbali na mizizi, na huo mbuyu ubaki uani.